Masikio ya Boeta Gamiet

Dalili ya kwanza aliyoiona Rugaya ilikuwa birika. Lilipiga mluzi kwenye jiko la gesi mle mle gerejini, hatua tatu kutoka alipokaa mjomba wake, na mjomba hakuinua uso. Lilipiga mluzi hadi maji yakakauka. Rugaya alizima jiko, akanyamaza. Kwa kunyamaza hakuwa na mpinzani. Hata shule aliiacha darasa la tano kwa kuogopa kusimama na kusoma mbele ya wenzake.

Mwezi haukupita, mjomba akatengeneza vifuniko vya pili vya masikio. Vile vya kwanza vilijulikana Athlone nzima, mtaa wao wa pwani, kama alivyojulikana mwenyewe kwa jina la Boeta, yaani Kaka, Gamiet. Alikuwa na bomba la shaba lililofungwa kwa bolti ubavuni mwa injini, likaungwa na mpira mrefu, na mwisho wa mpira vifuniko viwili kama vya rubani. Kwa bomba hilo aliisikia injini inapoanza kugonga, mlio mdogo kama changarawe ndani ya kopo, kabla pistoni haijatoboka. Mafundi wengine waliiamini kompyuta ya gari. Yeye alisema kompyuta huambiwa tu, kusikia haisikii. Sasa alimpa Rugaya vile vya pili, ati ajifunze kazi.

Tangu hapo, gari likiwa juu ya roli za kupimia nguvu, mjomba alikaa kwenye usukani na Rugaya alisimama mbele, kando ya feni. Injini ilipopanda, mjomba hakutazama skrini. Alimtazama Rugaya usoni. Rugaya akikunja uso, mguu wa mjomba uliachia mafuta. Maneno ya watu bado aliyasikia; milio myembamba ndiyo iliyomtoroka, na jambo hilo hawakulizungumza hata siku moja. Magari yalitoka mazima, na jina la Boeta Gamiet likabaki juu.

Jumamosi moja asubuhi aliingia kijana aitwaye Tashreeq na Golf nyeupe aliyoinunua Johannesburg, pamoja na marafiki wanne na mfuko wa samosa. Alitaka nguvu kwa ajili ya mbio za Jumatatu. Boeta Gamiet alimweleza njia zilizopo. Kulikuwa na faili laini la maagizo ya kompyuta ya gari, la mtu anayepeleka watoto shule. Kulikuwa na la kati, linaloongeza upepo wa tabo, feni inayosukuma hewa injinini, na kuwahisha cheche kidogo, na injini ikadumu. La tatu lilitaka pampu kubwa ya mafuta na pistoni ngumu, kazi ya wiki mbili. Tashreeq alisikiliza huku akitafuna. Faili analo tayari, akasema, la fundi wa kule kule Johannesburg. Anachotaka ni liongezwe kidogo.

Mjomba alikataa. Johannesburg iko juu na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo fundi wa kule huilazimisha tabo isukume kwa nguvu zote ndipo injini ishibe. Huku pwani hewa ni nzito. Kuweka faili hilo hapa ni kumlisha mtu ambaye amekwisha kushiba.

"Boeta," Tashreeq alisema, "niliambiwa wewe ndiye fundi asiyeogopa. Au masikio yamezeeka?"

Marafiki walicheka. Mjomba hakucheka. Alichukua vifuniko vyake, akaingia garini.

Rugaya alisimama mahali pake. Mmoja wa wale marafiki, kijana mrefu aliyeitwa Ziyaad, alimwona amevaa vifuniko juu ya mtandio.

"Dokta," akamwambia, "mgonjwa atapona?"

Macho yote yakamgeukia. Damu ilimpanda usoni. Akageuka, akautazama ukuta.

Injini ilipanda. Mizunguko elfu tatu, elfu nne. Kwenye elfu tano akaisikia changarawe, punje chache kwanza, kisha konzi nzima. Alifumba macho, akauma meno. Ni ukuta tu uliouona uso wake.

"Safi," mjomba alisema injini ilipotulia. "Inapumua vizuri." Akavuta laptopu, akawahisha cheche zaidi kwa digrii mbili.

Mjomba alikuwa ametazama kisogo chenye mtandio, kimetulia, naye akadhani hilo ndilo jibu. Safari hii pistoni ingetoboka, mbele ya vijana watano wenye simu, na Golf hiyo ingekuwa gari la mwisho kuletwa kwa Boeta Gamiet. Akageuka haraka ili mjomba amwone. Lakini Ziyaad alikuwa amekwisha kusogea mbele ya kioo cha gari, anarekodi, mgongo mpana kama mlango.

Injini ikaanza kupanda tena. Rugaya alifungua mdomo, sauti haikuja. Elfu tatu. Alivua vifuniko. Elfu nne. Alimsukuma Ziyaad, upepo wa feni ukamvua mtandio, akaipiga boneti kwa viganja viwili.

Mguu uliachia. Roli zilizunguka taratibu hadi zikasimama, ikabaki feni peke yake.

"Dada huyu vipi?" Tashreeq aliuliza.

Mjomba alishuka polepole. Kwa sauti ya chini alimuuliza Rugaya kama ameona mafuta yakivuja. Rugaya alielewa kwamba amefunguliwa mlango wa kutokea. Angeitikia tu, na heshima ya mjomba ingesalimika. Lakini wangetafuta mahali panapovuja wasipaone, na Tashreeq angetaka gari lipimwe tena.

Akatikisa kichwa, akachukua spana. Alifungua plagi zote nne za cheche, akazipanga juu ya gazeti. Kwenye kauri nyeupe ya plagi ya tatu kulikuwa na vidoa vinavyong'aa, vidogo kama chembe za chumvi. Tashreeq aliinama, akaitazama kwa muda mrefu. Hakuhitaji kuambiwa kwamba hiyo ni pistoni yake, imeanza kuyeyuka.

"Boeta," alisema, safari hii bila mzaha, "ulisema safi. Sote tumekusikia."

Boeta Gamiet aliichukua ile plagi, akaigeuza mkononi. Akamtazama Rugaya usoni, kama alivyozoea.

Rugaya alikuwa hana mtandio, na wanaume wote walikuwa wakimtazama.

"Hasikii tena," alisema. "Magari yote mliyoyasifu mwaka huu, aliyeyasikiliza ni mimi."