Sanduku Lisilovuja

Katika miaka thelathini ya kugonga bati, Wamboi alikuwa ameshindwa na mteja mmoja tu, na huyo alimzaa mwenyewe.

Kibanda chake kiko Ruiru, nyuma ya soko, kwenye mstari wa mafundi wa majiko na vyombo vya kulishia kuku. Yeye ni wa masanduku, yale ya bati ambayo mtoto hubeba akienda kuanza shule ya bweni. Ukimuuliza, atakuambia sanduku zuri halichaguliwi kwa macho. Mzazi huligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, hufungua na kufunga komeo mara tatu, kisha humkalisha mtoto juu ya kifuniko. Bati likilia, mwambie fundi alirudie. Likinyamaza, Wamboi huchukua brashi na rangi nyeupe na kuuliza swali lake la miaka yote: "Jina nani, na shule gani?"

Mteja aliyemshinda ni Kui, binti yake wa pekee. Mwaka ambao Kui alienda bweni, masanduku yalikwisha yote. Hata la Kui lenyewe, lililokwisha andikwa jina, lilifutwa na kupewa mama mmoja wa Kalimoni aliyefika dakika ya mwisho akilia. Kinyozi hajinyoi. Jioni hiyo hiyo Wamboi alipasua mikebe ya mafuta ya kupikia, akainyoosha kwa nyundo, akaunga sanduku jingine. Nje alilipaka rangi ya buluu likapendeza. Ndani ya kifuniko, picha ya sufuria na maandishi ya mafuta vilibaki vikimkodolea mtoto macho. Kui hakusema kitu. Siku ya wazazi, Wamboi alilikuta limesukumwa mbali chini ya kitanda na kufunikwa kwa shuka. Naye hakusema kitu. Wakanyamaza hivyo, mama na mwana, miaka kumi na minne.

Sasa Kui ni fundi wa kompyuta Thika. Si wa kuuza chaja na kava za simu, tuelewane. Mashine nzima huiunda kipande kwa kipande, na wenye ofisi humfuata. Wamboi amewaambia habari hiyo mafundi wenzake hadi Muoki wa majiko, jirani yake, akimwona anakuja na simu mkononi hukumbuka ana kazi mahali pengine.

Jumamosi moja Kui alikuja kula mukimo kwa mamaye, uso umekunjamana. Alikuwa na mteja anayeitwa Sheetal, mchoraji wa majengo. Ni yeye huchora nyumba ambazo bado ni shamba la mahindi, akazipaka jua na watoto wanaocheza barazani, ukaapa umewahi kupita hapo. Mashine yake ilikuwa ikichemka kwa kazi hiyo na feni zake kupiga kelele ofisi nzima. Kui alimshauri aundiwe nyingine inayopozwa kwa maji: maji yanazunguka kwenye paipu, yanapita juu ya vyuma vinavyochemka, yanakwenda kwenye rejeta kupigwa na upepo, yanarudi. Kama gari tu. Vipande vyote vilikwisha fika. Kilichokosekana ni kasha la kuvitia.

"Nimemwonyesha casing tatu kwa simu," Kui alisema. "Ya kwanza anasema ni ya watoto wa game. Ya pili inakaa friji. Ya tatu hajui shida yake ni gani, lakini haitaki."

"Na mimi je?" Wamboi aliuliza.

"Wewe nini, Mami?"

"Mimi si natengeneza masanduku?"

Kui alicheka kidogo, kisha akaona mamaye hacheki. "Mami, siku hizi watu wanataka glass. Wanataka kuona ndani."

"Langu liko na kifuniko. Ukitaka kuona ndani, unafungua."

Kui akanyamaza, akachezea mukimo kwa kijiko. Wamboi aliutambua ukimya huo. Ulikuwa ule ule wa chini ya kitanda, na ulimchoma vile vile. Mtoto wangu anaionea haya kazi yangu, alijiambia, na kazi hii ndiyo iliyomsomesha.

"Nipe vipimo," akasema. "Wewe leta hiyo ya glass, mimi nilete yangu, tuziweke mbili hapo kwake achague mwenyewe. Na usimwambie ni ya mama yako. Akiichukua kwa kunihurumia, nitairudisha Ruiru kichwani. Kizuri chajiuza."

Kui alitafuta namna ya kukataa, hakuipata. Akachukua mfuko mtupu wa unga, akaupasua, na upande mweupe akachora: rejeta moja mbele, moja nyuma, pampu hapa, sanduku la umeme juu ya kijirafu ubavuni, mbali na sakafu. Mbele na nyuma akatia vidoti vingi, akaandika "matundu".

Wamboi alifanya kazi siku nne. Alichagua bati nene, akalikunja juu ya kipande chake cha zamani cha reli, akapiga kona hadi zikakaa kama zimezaliwa hivyo. Kila kitu alifuata kama kilivyochorwa. Ila vidoti. Vidoti alivitazama asubuhi, akavitazama mchana, akatikisa kichwa. Miaka thelathini tundu kwenye sanduku ni aibu ya fundi. Na hili lilikuwa la kupitisha maji! Paipu anazijua, hakuna paipu aliyoumba Mungu ambayo haitavuja siku moja. Mtoto amesoma sana, alijiambia, lakini hapa amepotea njia. Basi akamsahihisha, kama mzazi yeyote angefanya. Alilehemu kila mshono, akalehemu tena juu ya lehemu, na kwenye kona ya chini akatia kifereji kidogo cha shaba.

Ijumaa Kui alipofika, alikuta sanduku limekalishwa juu ya mawe mawili, limejaa maji hadi ukingoni. Mamaye na Muoki walikuwa wamesimama kando yake kama watu kwenye ubatizo.

"Tangu jana," Wamboi alisema. "Pitisha mkono hapo chini. Hata tone."

Kui alishika kichwa. "Mami. Itapumulia wapi?"

Akaeleza taratibu. Maji hayapozwi na maji. Maji hupozwa na upepo unaopita ndani ya rejeta. Upepo usipoingia mbele na kutokea nyuma, mashine itaiva humo ndani kama githeri. Muoki alisikia mpaka hapo, akakumbuka ana kazi mahali pengine.

"Nilifikiria umekosea," Wamboi alisema.

"Nilichora matundu mia mbili, Mami. Nikosee mara mia mbili?"

Wamboi aliona haya, na haya ikageuka hasira, na hasira haikupata wa kumwangukia kwa sababu mkosaji alikuwa yeye. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Alikwenda kwa Muoki kuazima tindo la kutobolea majiko, akaanza upya. Hakutoboa ovyo. Alizungusha matundu kama maua, ua ndani ya ua, mia mbele na mia nyuma, hadi bati likawa kama kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Lakini kutoka sakafuni kwenda juu vidole vinne hakugusa.

"Hapa chini sitoboi," alisema bila kuinua macho. "Hata ukinichorea mia tatu."

Kui hakubisha. Alikuwa amechutama pembeni, akikifungua na kukifunga kile kifereji cha shaba. "Na hii?"

"Ya kumwagia. Kitu cha maji kinakosaje mahali pa kumwagia? Siku ya kubadilisha maji utayamwagia wapi, miguuni?"

Kui alikifungua tena, akakifunga tena. Alinyamaza, ila ukimya huu Wamboi hakuwahi kuusikia. "Hii usitoe," Kui alisema.

Jumatatu walipanda ngazi za ofisi ya Sheetal, mjini Thika. Kasha la kioo lilikuwa limekwisha wekwa mezani, jeusi, linang'aa, na Wamboi alikiri moyoni kwamba limependeza. Kando yake sanduku lake lilionekana kama shangazi wa mashambani kwenye harusi ya mjini. Kui alimtambulisha kama walivyoagana: "Huyu ni fundi wa bati kutoka Ruiru."

"Karibu, mama," Sheetal alisema. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, penseli imechomekwa kwenye nywele. Alilizunguka kasha la kioo mara mbili. Obiero, mchoraji mwenzake, alimfuata nyuma.

"Mimi ningechukua hii," Obiero alisema. "Hiyo ingine, no offence mama, ni ya form one."

Wamboi alitazama viatu vyake. Alikuwa ameapa kutosema neno.

Sheetal alifungua kifuniko cha sanduku, akachungulia, akapitisha kidole juu ya maua ya matundu. Kisha akamgeukia Kui. "Niambie ukweli. Hayo maji yakivuja?"

"Nitaijaribu siku nzima bila stima kabla nikupe."

"Siku hiyo haitavuja. Nauliza baada ya miaka miwili, na mimi nimeenda lunch."

"Hiyo ya glass, chini iko na matundu, na power inakaa chini yake. Tone likianguka linaingia huko."

"Na hii?"

Hapo kiapo kilimshinda Wamboi. Alichukua chupa ya maji ya kunywa kwenye meza ya Obiero, akaifungua, akaimimina yote ndani ya sanduku. Obiero aliruka kando kuokoa karatasi zake. Hakuna karatasi iliyolowa. Maji yalitulia chini, hayakufika hata nusu ya vile vidole vinne, na kijirafu cha umeme kikabaki juu kikavu. Wamboi alisubiri watazame watosheke. Kisha akalivuta sanduku hadi ukingo wa meza, akaweka mdomo wa chupa chini ya kifereji, akakifungua. Maji yakarudi chupani. Akaifunga, akamrudishia Obiero.

"Sasa tujaribu na hiyo yako," akamwambia.

Obiero alilivuta kasha la kioo kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Sheetal alicheka hadi penseli ikamtoka nywelani. Alipomaliza kucheka alikunja kidole, akaligonga sanduku ubavuni kwa kifundo. Akafungua na kufunga komeo. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Moyo wa Wamboi ulipiga kila komeo lilipopiga. Sheetal alimwomba Obiero amsaidie kulishusha sakafuni, akakaa juu ya kifuniko na uzito wake wote. Bati halikulia.

"Nilikuwa boarding miaka minne," alisema akiwa amekaa pale pale. "Nachukua hii."

Wamboi aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyezoea. Ndani alikuwa akijisikia mrefu kuliko ile ofisi. Amechaguliwa. Hakuna aliyemhurumia.

"Mama, wewe ni nani hasa?" Sheetal aliuliza. "Nikitaka watu wangu waje kwako, niseme nini?"

"Waulizie tu fundi wa..."

"Ni mama yangu," Kui alisema.

Wamboi alimkazia macho, kwa sababu walikuwa wameagana. Kui hakujali. Alisema tena, kwa sauti iliyofika hadi kwa wachoraji wa upande wa pili. "Huyu ni mama yangu. Mimi nilienda shule na sanduku alinitengenezea kwa mikebe ya mafuta. Nililificha chini ya kitanda, niliona aibu. Halafu mvua kubwa ikaja, paa la bweni likavuja. Masanduku ya wenzangu yote yaliingia maji. Langu hapana. Class nzima iliweka vitabu ndani ya sanduku langu, hata prefect. Tukapanga foleni." Alimgeukia mamaye. "Kuanzia hapo lilikaa juu ya kitanda, Mami. Wewe ulikuja visiting mara moja tu, kabla ya mvua."

Miaka kumi na minne Wamboi alikuwa amebeba lile shuka lililofunika sanduku, na halikuwa na uzito wowote. Machozi yalimjia, akayaacha yatoke, kwani angeyapeleka wapi.

"Na hukuniambia," alisema.

"Hukuniuliza."

Sheetal aliinuka kwenye kifuniko polepole, kwa adabu. Wamboi alipangusa uso kwa ncha ya leso, kisha akaingiza mkono ndani ya kiondo chake. Akatoa kikopo cha rangi nyeupe na brashi. Alikuwa amevibeba tangu Ruiru, huyo aliyesema kizuri chajiuza. Alipiga goti mbele ya sanduku, akachovya brashi, akauliza kama alivyowauliza watoto elfu.

"Jina nani, na shule gani?"

"Sheetal," mwenyewe alijibu. "Shule sasa sijui. Niseme gani?"

"Andika Ruiru," Kui alisema. "Huko ndiko lilisoma."

Wamboi akaandika majina yote mawili kwa herufi kubwa, na hakufuta hata moja.