Mstari Ulionyooka wa Wendell Hruska

Wendell Hruska hakuamini sikio la mtu yeyote, hata lake mwenyewe. Sikio, alikuwa akisema, lina usingizi, lina nta, lina mapenzi na chuki. Kompyuta haina hata kimoja. Ndiyo maana Jumapili ile baada ya misa, wakati kina mama wa parokia wakipanga kolachi, mikate mitamu yenye matunda, kwenye meza, yeye alikuwa amesimika maikrofoni yake ya kupimia katikati ya ukumbi wa dansi ya polka, na spika moja mpya ikivuma kama bomba lililopasuka. Mama mmoja aliziba masikio kwa viganja vyenye unga.

Alipima spika ya kushoto peke yake. Kuta za mbao zilikuwa zikivimbisha besi, naye akaipunguza kidogo kidogo mpaka mstari wa kipimo kwenye kioo cha kompyuta ukatulia. Akaizima, akaiwasha ya kulia, akaisawazisha vivyo hivyo. Mistari yote miwili ikanyooka kama matuta ya mkulima mwenye majivuno. Kuziwasha zote mbili na kuzipima kwa pamoja hakujisumbua. Ya nini, na kila moja imeshafaulu mtihani wake?

Kazi hiyo alipatiwa na shangazi yake, Albina Kubena. Kamati ya ukumbi ilitaka mafundi wa Houston; shangazi akawaambia kwamba asipozifunga spika mtoto wa kaka yake, na watafute mwimbaji mwingine. Mwimbaji mwingine wangempata wapi? Albina alikuwa akiimba pale kwa Kicheki cha bibi zake tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na nusu ya ndoa za kaunti ile zilianza watu wakicheza nyimbo zake. Kuimba ndiko kulikomwamsha asubuhi tangu afiwe na mumewe.

Bendi ikaanza majaribio. Ngoma na tarumbeta zilikuwa na nguvu zake zenyewe, hazikuhitaji spika. Sauti ya Albina ndiyo iliyozitegemea. Aliteremka na maikrofoni hadi sakafuni kwa wachezaji, kama kawaida yake, akasimama katikati, akakatiza wimbo.

"Wendell, mwanangu, mbona hapa sijisikii? Sauti haina tumbo."

Wendell naye alikuwa katikati, lakini nyuma kabisa ya ukumbi, kwenye mikisa yake, mashine ya kuchanganyia sauti. Na yeye aliisikia sauti nyembamba, kavu, kama ya mtu anayeimba ndani ya kopo. Badala ya kuinuka, akageuza kompyuta ili waione.

"Shangazi, tazama mwenyewe. Mstari umenyooka. Mashine haidanganyi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo si spika. Umri unakwenda, shangazi. Sauti nayo inazeeka."

Alvin Machala, mpiga ngoma, aliweka vijiti chini. "Wewe Wendell, hebu chunga mdomo wako."

"Mwache," Albina alisema. "Afadhali niambiwe na wa kwangu."

Watu wakaja, wakacheza, wakala soseji. Kabla ya mapumziko Albina aliwaambia wanyamaze. Alisema hiyo ndiyo Jumapili yake ya mwisho jukwaani, kwamba sauti imetangulia kuaga, na anamshukuru Mungu kwa kumpa ndugu wa kumwambia ukweli. Wazee walitoa vitambaa. Wendell aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, na ndani yake alijiona mtu mwenye ujasiri.

Wimbo wa kufungia kipindi cha kwanza ulipoanza, alikwenda kuchukua kahawa, akapita kando ya ukuta, karibu na spika ya kulia. Akasimama. Sauti ya shangazi yake ilikuwa pale, nzito, yenye tumbo na kifua. Akarudi katikati: kopo. Akaenda kushoto: tumbo. Kahawa aliisahau.

Alijua kabla hajainama nyuma ya spika ya kushoto. Waya mwekundu ulikuwa mahali pa mweusi, na skrubu iliyoushika aliikaza yeye kwa mkono wake. Spika moja ilikuwa ikisukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na sauti zao zikikutana katikati zinauana. Ukipima moja moja, huoni kitu. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa na kompyuta ya kumsaidia asilione.

Alizigeuza nyaya wakati wa mapumziko, haraka, kama mwizi. Hakumwambia mtu. Bendi iliporudi na Albina akafungua kinywa, sauti ilijaa ukumbi mzima, na waliokuwa wakicheza wakasimama kumtazama. Wimbo ulipokwisha alimwita Wendell kwa kidole. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Umesikia? Mungu kanirudishia ya kuagia."

Hapo Wendell angeweza kunyamaza. Alitamani sana kunyamaza.

"Shangazi, si Mungu. Ni waya. Niliufunga kinyume. Sauti yako haijawahi kuwa na kasoro."

Albina alifuta machozi kwa kiganja.

"Umejua lini?"

"Kabla ya mapumziko."

"Na ukaniacha nipande nikidhani naaga."

Wendell akatazama viatu vya watu. Albina akamwekea maikrofoni mkononi.

"Mimi uliniambia mbele ya bendi. Panda."

Akapanda. Akasema yote: waya, mstari, na yale aliyoyasema kuhusu umri wa shangazi yake. Kisha, nyuma yake, Alvin akasema polepole:

"Rudia, Wendell. Huko nyuma hawajasikia vizuri."

Wendell alijua wamesikia. Ukumbi ule alikuwa ameusawazisha mwenyewe. Hapakuwa na kiti ambacho sauti yake haikukifikia. Akainua maikrofoni, akarudia.