Aliyeshika Sauti

Mimi fundi wa kompyuta, nilifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale kutoka Mbarara nikiwa na hasira. Wachezaji wa chumba cha kompyuta walikuwa wamenipigia simu mara sita: mchezo wa magari hautoi sauti.

Kwenye Linux ile ya zamani, mfumo unaoendesha kompyuta yao, programu moja ikishika sauti, nyingine zote hunyamaza. Niliitafuta hiyo moja. Ilikuwa ikirudiarudia, siku ya nne sasa, rekodi ya Modeste akisoma matangazo ya kanisa. Modeste, mume wa Mama Eliane mwenye chumba hicho, alizikwa Jumapili. Sauti ya programu hiyo ilikuwa imeshushwa hadi sifuri.

“Mama Eliane, nani anamsikiliza?”

“Hakuna mutu. Nilishusha sauti, batu basichoke naye. Lakini sikupenda anyamaze.”

Niliiacha rekodi iendelee, nikatoka nje kwa wachezaji.

“Sauti imekufa,” niliwafokea. “Chezeni hivyo hivyo.”