Rambirambi za Aliye Hai

Simu ya Vidole ilikuwa inatetemeka juu ya meza ya machanuo tangu asubuhi, na kila ilipotetemeka yeye alitabasamu. Mteja aliyekuwa kitini, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, akamuuliza kama huyo ni mchumba.

"Mchumba wa umri huu? Hizo ni amina, mwenzangu. Watu wanamwombea mdogo wangu."

Akavuta fungu jingine la nywele, akalipachika, mikono ikaendelea na safari yake bila kusubiri macho. Wateja ndio waliompa jina hilo la Vidole, na lile alilobatizwa nalo lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Alikuwa na mazoea yake pale saluni: kichwa hakitoki kitini kabla hakijapigwa picha. Mbele, ubavuni, kisogoni. Picha hizo ndizo zilizomletea wateja, na ndizo zilizofanya kanisani wamkabidhi ukurasa wao wa mtandaoni. "Una simu nzuri na mkono hautikisiki," Mchungaji alimwambia. Na kweli, tangu auchukue, matangazo yalikuwa yanasomeka, na wagonjwa waliolala majumbani walizisikia nyimbo za Jumapili wakiwa palepale kitandani. Wengine walimpigia simu kumshukuru huku wakilia.

Mdogo wake alifundisha watoto wa darasa la kwanza, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, na dawa za hospitali zilikuwa zimeanza kumnyonyoa nywele. Jana yake jioni Vidole alikwenda kwake, akafunga mlango kwa komeo, akamkalisha kwenye kiti cha jikoni na kumnyoa. Walicheka hata. "Kumbe una kichwa kizuri hivi, ulikuwa unatuficha!" Vidole alisema, na mkono ukaifuata simu wenyewe. Mbele, ubavuni, kisogoni.

"Niombee, dada," Mwalimu alimwambia wakiagana. "Lakini iwe wewe na Mungu wako tu. Mwanangu hajui kitu. Shule ikifungwa nitamkalisha hapahapa, nimwambie kwa mdomo wangu."

Vidole aliitikia, tena kwa moyo wote. Ila alipofika kwake hofu ikamkaba. Ombi la msusi mmoja litafika wapi, jamani? Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kundi la akina mama waombaji lilikuwepo, la watu wachache wa kuaminika, akaliona dogo mno kwa ugonjwa mkubwa namna ile. Akachagua picha ya ubavuni, ambayo kwa macho yake haikuonyesha sura sana, akaandika, "Tumwombee dada yetu Mwalimu, ni mgonjwa." Akaiweka kwenye ukurasa wa kanisa, mbele ya kila mwenye macho. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema, na mwanamke huyu alijikwaa vyote viwili kwa mpigo.

Sasa simu ilikuwa inaita kwa namba asiyoijua.

"Mama mkubwa." Alikuwa binti wa Mwalimu, anapiga kwa simu ya matroni wa shule ya bweni. Sauti yake ilikuwa kavu. "Niambie ukweli. Mama amekufa lini?"

"We! Nani kakwambia maneno hayo?"

"Wameandika. Kwenye ukurasa wa kanisa. Wenzangu wamenionyesha kwenye kompyuta ya shule."

Vidole akaushusha ukurasa kwa kidole kilicholowa mafuta ya nywele. Amina, amina, amina. Kisha mtu fulani, ambaye bila shaka aliona kichwa kilichonyolewa na hakusoma hata neno moja, alikuwa ameandika, "Apumzike kwa amani." Aliyefuata akamsoma huyo badala ya kusoma tangazo, naye akaandika, "Poleni wafiwa." Basi wakafuatana kama kondoo walioona pengo kwenye ua. Huyu kaweka mshumaa, yule anauliza maziko ni lini.

"Mama yako yu hai!" Vidole akapaza sauti. "Anaumwa tu, mwanangu, lakini yu hai!"

"Anaumwa nini?"

Kila jibu lililomjia mdomoni lilikuwa mali ya mwenzake. Ndipo alipoelewa alichokiiba. "Atakwambia mwenyewe," akasema.

"Siamini. Matroni ananileta nyumbani." Simu ikakatika.

Vidole akavua aproni.

"Na nusu hii nimwachie nani?" mteja akauliza, kajishika kichwa.

"Jifunge kitambaa, mwenzangu. Mimi nimeua mtu."

Alipofika, uani kwa Mwalimu palikuwa pameshajaa wanawake wa kanisani. Mmoja amejishika kiuno, mwingine amekaa chini na kulia kwa kwikwi. Mwenye msiba wake alikuwa amesimama mlangoni, kichwa wazi, kanga mabegani, anawatazama. Walipomwona akifungua mlango, mmoja alikuwa amepiga ukunga akakimbilia barabarani. Ingekuwa siku nyingine, wangelicheka jambo hilo mpaka uzeeni.

"Rudini makwenu, mama zangu," Mwalimu alikuwa anasema kwa ile sauti ya darasani. "Asanteni. Mmelia vizuri."

Wakaondoka kwa aibu, wakipishana na Vidole bila kumtazama. Simu yake ikaita tena. Mchungaji.

"Usiifute kwanza," Mchungaji alisema mbiombio. "Ukurasa haujawahi kuona watu wengi hivi. Andika kwamba yu hai, iwe ushuhuda, watu wamtukuze Mungu."

"Mchungaji, huyu ni mdogo wangu."

"Futa," Mchungaji akasema, sauti imeshuka. "Futa, halafu umwombe radhi kwa niaba yetu sote."

Akafuta. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Picha ilikuwa imeshasambazwa, iko kwenye simu za watu ambao hawajawahi kuukanyaga mtaa ule.

"Imetoka," akamwambia Mwalimu. "Mdogo wangu, nimeitoa."

"Wanasema lisemwalo lipo, dada," Mwalimu akajibu taratibu. "Na kama halipo…"

"Usimalizie. Nakuomba, usimalizie!"

"Kifo nimekuwa nikikifikiria kila siku, nimekizoea. Kitu kimoja tu nilikitaka. Mwanangu asikie kwangu, nikiwa nimemshika mkono. Nilikuwa nayafanyia mazoezi maneno yangu, mbele ya kioo. Ungeweza kunichukulia chochote, dada. Nyumba hii ungeichukua."

Vidole alitaka kupiga magoti lakini teksi ilisimama barabarani. Msichana akashuka na sare ya shule, matroni nyuma yake. Alisogea mpaka hatua chache kutoka mlangoni, akasimama. Alikitazama kile kichwa kisicho na nywele. Akanyoosha mkono, akakigusa utosini kwa ncha za vidole, akaurudisha haraka.

"Una joto," akasema.

Mwalimu akamvuta ndani. Vidole akawafuata, hatua moja, na mdogo wake akageuka na kuziba mlango kwa bega. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Leo niache na mwanangu."

Komeo likaingia. Matroni alirudi kwenye teksi kungojea. Vidole akakaa kizingitini, akaanza kuwapigia watu mmoja mmoja, kwa sauti, wala hakuandika. "Yu hai. Mwambie na jirani yako. Msije." Nyuma ya mlango alisikia Mwalimu akianza kusema, akasita, akaanza upya.

Kikongwe mmoja wa kanisani akaingia uani, anatembelea fimbo, machozi yanamtiririka kwenye mikunjo ya mashavu. Huyu hakuwa na simu, habari alipewa njiani. Vidole aliinuka kumpokea.

"Hajafa, bibi. Walikosea. Yumo ndani na mwanawe."

Kikongwe akamshukuru Mungu, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha akamtazama Vidole vizuri.

"Sasa kama hajafa, mwanangu, mbona wewe unalia?"

Vidole akajifuta macho kwa kiganja. Alisogea pembeni ili bibi apate pa kukaa, na bibi akaketi polepole, fimbo magotini. Ndani, msichana alikuwa ameuliza jambo kwa sauti ndogo, na mama yake hajajibu bado.