Nukta za Kivuva

Mume wangu Kivuva alikuwa karani wa ghala huko Industrial Area, na kuhesabu hakukumtoka hata akishavua viatu. Alihesabu dakika za kuiva maharagwe yaliyolowekwa na yasiyolowekwa. Alihesabu hatua kutoka lango la jengo letu hapa Tassia hadi steji ya matatu. Watu wakibishana, alisema, "Tuhesabu kwanza, tutabishana baadaye."

Kazi yake kubwa ilikuwa maji. Katika jengo letu la orofa tano mfereji hutoa maji unapotaka wenyewe, na kila mtu alikuwa na imani yake kuhusu siku. Basi Kivuva alichora miraba kwenye karatasi ya manila, siku zikienda upande huu na saa zikishuka upande ule, akaibandika ukutani kwenye ngazi. Kila alipofungua mfereji akakuta maji, alitia nukta ya buluu. Alikuwa na sharti moja alilolitoa kazini: usiweke sahihi kwa mzigo ambao hukuuhesabu mwenyewe. Jirani akimwambia maji yalikuja saa fulani, alimshukuru, lakini hakuandika.

Karatasi zikaongezeka. Baada ya mwaka mmoja nukta zilikuwa zimerundikana mahali pawili, Jumanne alasiri na Ijumaa alasiri. Jengo zima likazifuata. Teresiah wa orofa ya nne, Mama Tiffany, akawa anafunga kibanda chake cha mitumba katika soko la Muthurwa mapema siku hizo ili awahi maji.

Kivuva alifariki Januari, ghafla, kwa kifua. Kiwanda cha kushona ninakofanya kazi kilinipa ruhusa hadi mwisho wa Machi. Nilikaa nyumbani bila kujua niifanyie nini mikono yangu, kwa hivyo kila saa nilifungua mfereji, na nikipata maji nikatia nukta kwenye karatasi mpya niliyoiweka chumbani. Nilitumia nyekundu. Buluu ilikuwa yake.

Mapema Machi Teresiah alinikuta kwenye ngazi, mtungi mtupu mkononi.

"Mama Mumo, nisamehe kwa ninalosema," alianza. "Hii ni Jumanne ya tatu. Nafunga kazi, nakimbia, nafika hapa mfereji unanipigia mluzi tu."

"Labda Ijumaa."

"Hivyo ndivyo Baba Mumo alivyokuwa akisema, tunacheka. Sasa hakuna wa kutuchekesha. Watu wanataka hizi karatasi zitolewe. Wengine wanasema maji yamemfuata."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema nina nguo chafu za wiki mbili, na msichana wa gredi ya sita anayeenda shule akinuka Muthurwa."

Nilimwomba asubiri hadi Jumapili. Nilijua zikitolewa hivyo, neno litakalobaki midomoni mwa watu ni kwamba Kivuva alihesabu uongo, na hakuwepo wa kumjibia ila mimi.

Kesho yake nilizibandua mwenyewe, nikazitandaza kitandani kando ya yangu. Nukta zangu zilikuwa asubuhi, kuanzia saa nne hadi saa saba mchana, siku yoyote ile. Chache tu zilifika alasiri. Zake karibu zote zilikuwa alasiri. Kwa muda hata mimi niliamini kwamba maji yalibadilika siku alipoondoka.

Kisha nikaona wiki moja ya Agosti, tupu kabisa. Ndiyo wiki tuliyokwenda kijijini Mutito kumzika mama yake. Niliikumbuka siku tuliyorudi: Kyalo, anayetunza jengo, alitupokea mizigo langoni, na mapipa yake yalikuwa yamejaa hadi juu. Maji yalikuja wiki ile. Aliyekosekana ni Kivuva.

Nikatafuta zaidi. Oktoba alilala nyumbani na homa siku nne. Hapo palikuwa na nukta nne, zote saa nne asubuhi, na kando yazo ameandika kwa penseli: "Ajabu. Chunguza."

Jumanne na Ijumaa malori ya ghalani hupakiwa alfajiri, na Kivuva alifika nyumbani saa tisa. Siku nyingine alifika saa kumi na mbili jioni, maji yameshakwenda. Asubuhi sote tulikuwa kazini, jengo zima, na Jumapili kanisani; Kyalo, aliyebaki akijaza mapipa yake, hakuna aliyemuuliza, hivyo hakuna aliyeshtuka. Nukta zake zilikuwa za kweli, kila moja. Ila zilionyesha saa ambazo mume wangu alikuwa nyumbani.

Jumapili baada ya kanisa niliwaeleza majirani pale kwenye ngazi.

"Kwa hivyo," Teresiah aliuliza, "mwaka mzima nimekuwa nikifunga kibanda kufuata shifti ya Baba Mumo?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Nami nilicheka, mara ya kwanza tangu Januari.

Nilibandika karatasi mpya ya watu wote. Ukifungua ukapata maji, tia nukta. Ukifungua ukakosa, chora duara tupu. Asipofungua mtu, paachwe wazi.

"Yaani tuandike hata ukame?" Kyalo aliuliza.

"Huo hasa. Kivuva hakuuandika, ndiyo maana tulipotea."

Baada ya wiki mbili maduara matupu yalikuwa yamejipanga jioni kama shanga, na nukta asubuhi, karibu siku mbili katika kila tatu. Haikuhitaji kuelezwa. Tulikubaliana kila mtu aache mitungi yake mlangoni, na Kyalo, au yeyote aliye nyumbani saa nne, aijaze.

Jumatatu ya kwanza ya Aprili nilirudi kiwandani. Saa nne ilipofika, mguu wangu ulisimama kwenye cherehani. Niliwaza ni nani amefungua mfereji.

Jioni nilikuta mtungi wangu umejaa, umefunikwa kwa kitambaa. Ukutani, kwenye mraba wa saa nne, palikuwa na nukta nene ya kijani, iliyokaa kombo.

"Nani ameweka hii?" niliuliza.

"Mimi," Teresiah alijibu kutoka juu. "Nilichelewa kufungua kibanda makusudi. Na mtungi wako ni mzito, Mama Mumo, kesho uache mdogo."

Maji hayo sikuyaona yakitoka. Niliiacha nukta ilivyo, nikaingia chumbani, ambako karatasi za Kivuva sasa zimebandikwa ukutani juu ya kitanda. Nikachukua penseli, na chini ya maneno yake ya Oktoba nikaandika: "Tumechunguza."