Paa la Mabawa Mawili

Nelson aliupiga ukuta teke. Kipande cha plasta kikaanguka juu ya kiatu chake, naye akafurahi kana kwamba ameshinda kesi.

"Umeona? Hata teke moja haistahimili. Nyumba hii ilikufa zamani, Ndeshi. Tunakaa na maiti."

"Na wewe ndiye unayempiga maiti mateke," Ndeshi akamjibu.

Mama yao, Aikaeli, aliketi karibu na jiko, miguuni pake beseni la plastiki. Mvua ya vuli ilikuwa ikiaga, na kila ilipokohoa kule juu, tone lilitua ndani ya beseni. Chumbani kwake kulikuwa na sufuria, na kitanda kilikwisha kuhamishwa kona zote nne kama mgeni asiyejua akae wapi.

Nelson alikuwa na hoja, na Ndeshi hakumnyima hoja hiyo. Mtoto gani anafurahi kuona mama yake analala na sufuria? Alikuwa amempata mwekezaji Arusha: nyumba ibomolewe, kilima kijengwe lodge, mama ahamie mjini, akae ghorofani kwa Nelson. Mama alipoulizwa alisema, "Mtakavyoona ninyi." Nelson akasikia ndiyo. Ndeshi alimjua mama yake vizuri zaidi. Aikaeli akikubali jambo hupangua, huuliza, hugomba. Akisema "mtakavyoona ninyi," ujue moyo umeshafungwa kama duka la marehemu.

Nyumba yenyewe ilisimama kwenye mgongo wa kilima juu ya mji wa Karatu, mahali ambapo ukungu wa msitu wa Ngorongoro huteremka asubuhi na kulala kwenye migomba. Mlowezi mmoja mwenye shamba la kahawa aliijenga muda mfupi kabla ya Uhuru, akaondoka. Miaka mingi baadaye akaja Zablon, baba yao, kutoka Machame, Kilimanjaro, akainunua na kuitazama kwa mshangao. Paa halikuwa na kichwa. Liliinuka pande mbili na kuzama katikati, kama ndege anayetaka kuruka.

Zablon alikuwa mtu wa mlimani. Kwao maji huja yenyewe kwa mfereji, yanapita migombani yakiimba, na kazi ya paa ni kuifukuza mvua iende zake. "Nyumba gani hii inaikingia mvua viganja kama ombaomba?" alisema. Akaziba kwa zege mdomo ambao maji yalitokea, akapandisha juu yake paa lingine la bati, lenye mgongo, la kiungwana. Madirisha mapana akayajenga tofali, akabakiza matundu yenye nondo. Alikufa akijivunia kazi ile, na watoto wake walikua bila kujua kwamba juu ya vichwa vyao kulikuwa na mapaa mawili.

Ndeshi alikuwa amelijua jambo hilo asubuhi ileile. Alikuwa na diploma ya ujenzi, na miaka kadhaa ya kusimamia mafundi kwenye majengo ya watu wengine. Alipanda darini na tochi ya simu, akatambaa, akashuka na utando wa buibui kwenye nyusi.

"Kaka, baba alijenga nyumba juu ya nyumba. Bati la juu limetoboka kwenye misumari. Maji yanaanguka kwenye paa la zamani, yanakusanyika katikati, yanatafuta mlango wa kutoka. Mlango baba aliuziba. Unadhani yaende wapi?"

"Kwenye beseni la mama."

"Basi dawa si kubomoa. Dawa ni kulivua lile la juu."

Nelson akacheka mpaka akashika kiuno. "Masika yanakuja, wewe unaivua nyumba bati?"

"Nipe mpaka masika."

"Sawa, mheshimiwa mkandarasi. Mvua kubwa ya kwanza mimi nitakuwa humu ndani. Likipita tone moja, tingatinga linapanda kilima hiki."

"Na lisipopita?"

"Litapita."

Mama aliinama. Alilimwaga beseni dirishani, akalirudisha palepale.

Kazi ilianza. Ndeshi alimchukua Inosenti, fundi bati wa kijiji cha Qurus, mtu mrefu mwenye maneno machache na mluzi mwingi. Siku walipong'oa bati la kwanza, habari zilifika sokoni kabla ya bati lenyewe kufika chini. Watu walipita barabarani wakipunguza mwendo. Waendesha bodaboda walipiga kelele: "Dada, mnahama au mnaanika nyumba?" Ndeshi aliwajibu kwamba anayetaka kuanikwa apande.

Aliyewanyamazisha ni Sinyati, mama wa Kimaasai aliyeleta maziwa kila asubuhi. Alimsalimu Aikaeli, "Takwenya," akaitikiwa "Iko," kisha akawageukia vijana wale.

"Mnacheka nini? Kwetu nyumba anajenga mwanamke. Mwanamume akileta domo, analala nje na ndama."

Paa la zamani lilipojitokeza, Ndeshi alisimama uani akalitazama muda mrefu. Mabawa yake yalikuwa yamechakaa, lakini mbao za chini zilikuwa nzima, kavu, nyekundu kama nyama. Walibadilisha bati lote, wakaupanua mfereji wa katikati ukawa wa kutosha kulaza mbuzi, wakaupaka lami, wakauvunja ule mdomo wa zege. Chini ya baraza, palepale mdomo ulipoelekea, sururu ya Inosenti iligonga kitu kikatoa mwangwi. Lilikuwa tangi la mawe, limejaa udongo. Ndeshi alipiga kelele peke yake kama mwendawazimu. Katika mji ambao watu hununua maji kwa dumu, nyumba yao ilikuwa imekalia kisima na kukiita uchafu. Wakalisafisha tangi lile mpaka chini.

Hakurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Chini ya saruji ya sebuleni alikuta sakafu ya terazo yenye vijiwe vya kijani na vyeusi. Hiyo aliisugua mpaka ikang'aa. Tofali za madirishani alizitoa, akaweka vioo, na msitu wote ukaingia ndani. Jiko lilikuwa chumba kama kizimba nyuma ya nyumba, kwa sababu mlowezi alitaka ale bila kumwona anayempikia. Huo ukuta Ndeshi hakumwachia fundi. Aliuvunja kwa nyundo yake mwenyewe, na kila pigo lilikuwa na neno ambalo mama yake hakulisikia, au alijifanya hakulisikia.

Masika yalikuja Jumapili, baada ya ibada. Mbingu ilikuwa nyeusi upande wa kreta ya Ngorongoro tangu asubuhi. Gari la Nelson lilipanda kilima likiteleza kwenye udongo mwekundu, akashuka na koti la mvua mkononi, akaingia. Akasimama. Macho yake yalikwenda kwenye terazo, yakaenda kwenye kioo kipana, yakatulia kwa mama yake aliyekuwa akikaanga vitumbua huku akiwaona wote.

"Ni nzuri," alisema, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Lakini uzuri si mwavuli."

Mvua ikapiga. Haikunyesha, ilimwagwa. Hapakusikika mtu. Inosenti aliegemea mlango bila mluzi. Ndeshi alitega sikio lake barazani, akingoja mlio wa maji kuanguka tangini. Hakusikia. Alisikia mvua juu, mvua nje, na tangini kimya.

Kisha, katikati ya sebule, juu ya kijiwe cha kijani, likaanguka tone.

Nelson hakucheka. Alilitazama lile tone kwa huzuni, maana alikuwa ameanza kuipenda nyumba. "Pole, mdogo wangu. Ahadi ni ahadi."

Likaanguka la pili.

"Maji hayatoki," Ndeshi alisema. "Yamekaa. Kitu kimeziba." Hakungoja koti. Alitoka mbio, akaisimika ngazi, Inosenti akaishikilia huku akisema jambo ambalo mvua ilikula. Juu, mfereji ulikuwa umejaa kama hori la ng'ombe. Ndeshi alitambaa ndani yake, maji kifuani, akapeleka mkono kwenye mdomo wa kutokea. Vidole vyake viligusa majani. Mapana, marefu, yamefungwa kwa kamba ya mgomba, fundo zuri la mtu aliyefunga kwa nia. Aliyajua bila kuyaona. Isale, jani la Wachagga la upatanisho.

Akavuta.

Nyumba ilinguruma. Maji yote yaliondoka kwa pamoja, yakapita kando yake yakimvua kiatu kimoja, yakarukia nje ya mdomo kwa upinde mnene na kuanguka ndani ya tangi kwa kishindo kilichosikika, watu walisema baadaye, mpaka barabara kuu. Ndeshi alibaki amekaa kwenye mfereji mtupu, mvua ikimpiga usoni, akipiga kelele za shangwe.

Aliposhuka, na kiatu kimoja na fungu la isale mkononi, sebuleni palikuwa pakavu. Matone yalikuwa yamekoma. Nelson alikuwa amechuchumaa akipangusa sakafu kwa kitambaa chake cha mfukoni.

"Nani ameweka hii?" Ndeshi aliuliza.

Inosenti akamtazama Aikaeli. Aikaeli akaepua kikaango.

"Mimi nilimtuma. Nilimwambia aiweke pale mabawa yanapokutana, ili ninyi wawili mkutane hivyo hivyo. Sikujua kama ndipo maji yanapopita, wala kwamba yataisukuma mpaka mdomoni. Mimi ni mtu wa mlimani kama baba yenu."

"Mama!" walisema wote wawili.

"Hata hivyo limevuja," Nelson akaongeza, polepole. "Tulisema tone moja."

Aikaeli alifuta mikono, akalichukua fungu la isale kwa Ndeshi, akalinyoosha, akatikisa maji. Kisha akamwendea mwanawe na kumtolea kwa mikono miwili.

"Tone lile ni langu, si la mdogo wako. Nakuomba radhi, Nelson. Na mimi kwenye ghorofa lako siendi."

Kila Mchagga anajua kwamba mwenye kutolewa isale hana njia mbili. Watu wamesamehe damu kwa jani hilo. Nelson alikuwa na kampuni ya watalii na kiatu cha ngozi ya mamba, lakini mkono ulionyooshwa ulikuwa wa mama yake. Alipokea.

"Sasa hii nayo ni haki?" akamwuliza Ndeshi. "Umeshinda kwa msaada wa mzazi."

"Nimeshinda kwa paa. Mzazi nusura aniangushe."

Mama akacheka, kicheko cha tumboni ambacho hawakukisikia tangu msiba wa baba, na akaanza kugomba: vitumbua vinapoa, mtu ana kiatu kimoja, dirisha hilo pana hivi nani atashona pazia lake, na chumba changu nataka kipakwe upya, si rangi hii ya hospitali. Akapangua kila kitu mle ndani. Ndeshi alisimama akidondosha maji kwenye terazo yake na kusikiliza kila lalamiko kama wimbo.

Asubuhi iliyofuata kulikucha kweupe. Ndeshi alikuwa amelala akilifikiria kosa lake mwenyewe: paa lenye mdomo mmoja linangoja jani moja tu, na majani katika dunia hii hayaishi. Alipanda kutoboa mdomo wa pili. Chini, Nelson, akiwa amevaa buti za mpira za marehemu baba yao, aliishikilia ngazi kwa mikono yote miwili.

Jirani aliyekuwa akipita akasimama barabarani. "Nelson! Lodge inaanza lini?"

"Lodge gani?" Nelson akamjibu bila kugeuka. "Usinisemeshe, ndugu yangu. Fundi yuko juu."