Mkono wa Kinyozi

Mtafiti alikuwa na kazi ya kulileta kwa Kiswahili dodoso lililotungwa ughaibuni, la kupima mtu hutumia zaidi mkono upi na mguu upi. Wafasiri wawili walishalitafsiri, wa tatu akalirudisha katika lugha yake ya awali, na palipopishana wakabishana mpaka makoo yakakauka. Swali la kuzoa theluji walilitupa, wakaweka la kufagia.

Kabla ya kulipeleka kwa watu, alitaka kulisikia likisomwa nyumbani. Akamsomea baba yake, kinyozi ambaye kiharusi kilimlegeza upande wa kulia. Majibu ya mzee yasingehesabiwa, maana wenye maradhi ya viungo hawakuruhusiwa. Alihitaji masikio yake tu.

"Baba, hutumia mkono gani kupiga mswaki?"

"Wa kulia."

"Kukata kwa mkasi?"

"Wa kulia."

Mama, aliyekuwa akikunja nguo, akaguna. "Na leo asubuhi mswaki uliushika kwa ulimi?"

"Nimeulizwa hutumia, sikuulizwa leo. Huu wa kushoto ni kibarua tu. Mwenye kazi yuko likizo."

Utaratibu ulidai mtu akishajibu aonyeshe kwa vitendo. Mtafiti akaweka kitana mezani. Mkono wa kulia ukainuka hadi kifuani, ukatetemeka, ukaanguka mapajani kama kitambaa kilicholowa. Mama akaacha kukunja.

"Tuishie hapo, baba."

"Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Soma."

Alisoma hadi mwisho, ila sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

Kazini akaeleza kwamba "hutumia" inamrudisha mtu kwenye mazoea yake ya zamani. Mwenzake wa takwimu akalalamika kuwa neno likibadilika, tafsiri ya kurudisha ianze upya. Ikaanza upya. Maswali yote yakawa na "siku hizi unatumia".

Jumapili akamsomea mzee toleo jipya. Mjomba alikuwepo, kaka wa mama, ambaye walimbandika jina la Kichaka kwa sababu tangu shemeji yake augue hakumpa kinyozi mwingine kichwa chake.

Mswaki, wa kushoto. Mkasi, wa kushoto. Mzee alijibu kwa mkato, kama anayelipishwa faini.

"Siku hizi unatumia mkono gani kunyoa?"

"Siku hizi sinyoi."

Dodoso halikuwa na jibu hilo.

"Basi shemeji, ninyoe mimi," akasema Kichaka. "Nywele zitaota tena."

"Nitakuharibu."

"Nimeharibika tayari. Watoto mtaani wananikimbia."

Mama akaleta mashine ya kunyolea. Mzee akaishika kwa mkono wa kushoto, akaegemeza kiuno kwenye kiti, akaanza nyuma ya sikio. Ilichukua muda mrefu. Upande mmoja ulitoka laini, wa pili ukawa kama paa lililoezuliwa na upepo. Kichaka akajitazama kwenye kioo, akacheka mpaka mama naye akafuta machozi.

Mzee hakucheka. Alikuwa anapuliza nywele kwenye meno ya mashine.

"Umeandika?" akamuuliza binti yake.

"Bado, baba."

"Andika. Wa kushoto."

Akaandika.